Pampu ya kisima hainunuliwi kwa HP: piga hesabu ya lita na mita kwanza

Mjomba wangu anakaa Naliendele, Mtwara, mikorosho yake iko kule Tandahimba, na wenye mikorosho mnajua wenyewe, hela ya mnada ikishaingia lazima kitu kinunuliwe haraka kabla haijaanza kupungua yenyewe. Mwaka huo akanunua pampu. Jioni nikampigia.

“Mjomba shikamoo.”

“Marahaba mpwa wangu, kesho njoo na vifaa vyako, chuma kimeshafika.”

“Chuma gani tena?”

“Pampu. HP mbili. Jamaa wa dukani kaniambia hii ukiiweka hata kuzimu inatoa maji.”

Na mimi kosa langu, badala ya kuuliza kisima kinatoa lita ngapi nikaenda na spana zangu nikaishusha. Kuwasha tu, maji yakatoka kwa fujo mpaka watoto wakapiga makofi, mjomba akanipiga begani. Dakika kama 15 hivi zikapita, bomba likaanza kukohoa, ikawa hewa, maji kidogo, hewa, alafu maji ya rangi ya chai yenye mchanga. Nikazima. Tukasubiri nusu saa tukawasha, dakika chache ikakohoa tena. Mjomba akasema pampu mbovu. Siku ya tatu kapasita ikaungua na hapo ndo nikakaa chini na karatasi kufanya kazi ambayo ilitakiwa ifanyike kabla ya hela kutoka mfukoni.

Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa kubwa kuliko kisima. Ilikuwa inavuta kama lita 4,500 kwa saa kwenye kisima kinachotoa 2,400, sasa hapo unategemea nini.

HP inakwambia nguvu ya mota tu, basi. Haikwambii hiyo nguvu imetumika kutoa maji mengi kwa kimo kifupi au maji kidogo kwa kimo kirefu. Zipo pampu mbili za HP 1 zimepangwa rafu moja dukani, moja ya kumwagilia shamba kutoka kisima kifupi na nyingine ya kisima cha mita 80, bei zinakaribiana, na ukikosea hakuna itakayokufaa. Kwahiyo dukani unaenda na namba mbili, LITA KWA SAA unazotaka na MITA za kupandisha. Muuzaji akikuuliza “HP ngapi?” wewe mjibu “nataka inayotoa lita 1,500 kwenye mita 56”, akikushangaa nenda duka la pili.

Na kuna mtego kwenye kibati cha pampu. Utakuta imeandikwa Qmax 3.6 m³/h na Hmax 95 m, mtu anasoma anafurahi kwamba itampa lita 3,600 kwenye mita 95. Hapana aisee. Hmax ni kile kimo ambacho maji yamefika juu yakasimama, hayatoki hata tone. Qmax ni pale pampu haipandishi chochote, inamwaga tu hapo hapo. Hizo namba mbili hazikutani hata siku moja. Kazi yako iko katikati, na katikati inaonekana kwenye jedwali au ule mchoro wenye mstari unaoshuka kama mlima, uko kwenye kijitabu ndani ya boksi au umebandikwa ubavuni mwa boksi lenyewe. Pampu isiyokuwa na hilo jedwali mimi sinunui hata iwe bei ya kutupa.

Anza na kisima

Watu wengi wanaanza na mahitaji, nataka maji kiasi gani. Mimi nakwambia anza na kisima kwasababu kisima hakijali unataka nini, kinatoa kinachotoa.

Kama kimechimbwa na mashine unatakiwa uwe umepewa ripoti ya uchimbaji, ina kina chote, vichujio (yale mabomba yenye matundu maji yanapoingilia) viko mita ngapi mpaka ngapi, maji yalipotulia, maji yalipofika wakati wa kuvuta, na kiasi kinachotoa kwa saa. Idaiwe hiyo karatasi kabla hujamalizia malipo ya mwisho. Kama haipo au mchimbaji amepotea, pima mwenyewe, sio kazi ngumu.

Kupima maji yaliyotulia mimi natumia kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, urefu kama kidole cha kati, juu nimekiziba chini nimekiacha wazi, kimefungwa kwenye kamba ya nailoni yenye fundo kila mita moja. Unashusha taratibu, kikigusa maji kinapiga sauti, “blup”, kama chupa ikizamishwa kichwa chini. Unapandisha kidogo unashusha tena, blup, hapo hapo unashika kamba kwa vidole usawa wa mdomo wa kisima, alafu unavuta unahesabu mafundo. Fanya asubuhi kabla mtu hajachota. Cha mjomba, kina chote ni mita 60, maji yametulia mita 22.

Watu wengi wanaishia hapo. Wanasikia maji yako mita 22 wanakwenda kununua pampu ya mita 22 na kidogo. Lakini ukianza kuvuta maji yanashuka, na yatakaa huko chini muda wote pampu ikiwa inafanya kazi, kwahiyo mita za kulipia ni za maji yanapofika ukiwa unavuta, sio za maji yakiwa yamelala.

Hapo inabidi uazime pampu, yoyote, ukiwa na geti valvu juu ya kisima uweze kubana. Unawasha unaacha iende, unapima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30 ni lita 2,400 kwa saa, sekunde 40 ni 1,800, dakika nzima ni 1,200 (gawanya 72,000 kwa sekunde zako, basi). Huku unaendelea kushusha ile kamba kila dakika 10, sauti ya blup ikishindikana kwa kelele za pampu funga kipande kikavu cha mbao ulichokipaka chaki, utaona kilipolowa. Maji yakiendelea kushuka bana valvu kidogo. Unatafuta mahali ambapo maji yameacha kushuka na ndoo inajaa kwa muda ule ule, na ukae hapo masaa matatu manne sio dakika 20. Cha mjomba tulitulia kwenye lita 2,400, maji yakiwa yamesimama mita 41. Yani yameshuka mita 19 kutoka yalipolala.

Usije ukachukua yote hayo 2,400. Mimi nachukua asilimia 70 hivi, inakuja kama 1,680, tukakubaliana 1,500 ili tulale usingizi. Na ukivuta kidogo maji nayo yanashuka kidogo, kwa 1,500 yanashuka kama mita 12, yanakaa mita 34 hivi. Sasa ongeza msimu. Huku kwetu mvua zinaanza mwezi wa 11 au wa 12 zinaisha mwezi wa 4 au wa 5, kwahiyo aliyepima Aprili ameona kisima kikiwa kimeshiba. Kipimo cha kweli ni cha Oktoba na Novemba kabla mvua hazijanyesha. Sisi tulipima baada ya mvua kwahiyo nikaongeza mita 3, ikawa 37. Hiyo 37 ishike, tutaitumia.

Kisima cha kuchimba kwa mkono hesabu yake ni nyingine na ni rahisi. Chukua kipenyo kwa mita, zidisha chenyewe kwa chenyewe alafu mara 785, unapata lita zilizoko kwenye kila mita moja ya maji. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 kina lita 1,130 hivi kila mita. Kivute maji yashuke mita moja, zima, angalia saa, yanarudi kwa muda gani? Yakirudi kwa masaa matatu, kisima chako kinatoa lita 377 kwa saa, hata kama ukikichungulia kinaonekana kama bwawa. Yale mengine ni akiba iliyokaa tu, ukiivuta yote kwa saa moja unasubiri mpaka kesho.

Na mlioko karibu na bahari, Mikindani, Shangani, Lindi mjini kule chini, Kilwa, nawaomba mkae na hili. Sehemu nyingi za pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi huko chini ardhini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kanuni inayotumika ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyoko juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Igeuze sasa, ukiyashusha maji yako mita moja kwa pampu kubwa, chumvi ya chini inapata ruhusa ya kupanda mita 40. Haipandi siku hiyo hiyo, inapanda polepole, mwaka wa kwanza chai nzuri, wa pili chai ina ladha, wa tatu unafulia tu. Huku dawa ni pampu ndogo inayovuta masaa mengi taratibu, na iwekwe juu juu sio kuifukuzia chini kabisa. Wauzaji hawapendi kusikia hivyo.

Mahitaji, haraka haraka

Mtu mmoja mwenye bafu na choo cha kuflashi mpe lita 70 kwa siku, wa kubeba ndoo hafikishi hata 40. Mbuzi lita 5, ng'ombe 40, kuku 100 ni kama ndoo moja na nusu. Bustani ya mchicha kiangazi weka lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku na hii ndo inayokula maji kuliko watu wote wa nyumbani. Mjomba yeye, wapangaji, mbuzi na kabustani kake ilikuja kama 1,600, tukaweka 2,000 kwasababu mabomba ya mtaa yakikauka majirani wote wanakuja na madumu na huwezi kuwafungia geti.

Simtanki la lita 2,000 kwa pampu ya 1,500 kwa saa linajaa kwa saa moja na dakika 20. Inatosha sana. Watu wanataka tanki lijae kwa dakika 20, sijui wanawahi wapi.

Mita

Hapa ni kujumlisha tu. Maji yakivutwa yako mita 37. Kutoka mdomo wa kisima mpaka pale mnara wa tanki uliposimama ardhi inapanda, tulipima kwa ule mpira mwembamba wa fundi ujenzi wa kupimia levo, tukapata mita 3 (kwa macho mjomba alisema “ni sawa tu hapa”). Mnara mpaka bomba linapoingilia tanki mita 6. Mpaka hapo 46.

Alafu msuguano, maji yanavyojikwaruza ndani ya bomba. Hapa wengi wanapigwa kwa kubana matumizi. Ukipitisha lita 2,000 kwa saa kwenye bomba jeusi la milimita 32, lile la inchi moja, kwa kila mita 100 unapoteza kama mita 5 za kupandisha. La milimita 40 unapoteza mita 1.5 tu. Sasa ukichukua la milimita 25, robo tatu inchi, kwa maji yale yale unapoteza kama mita 17, yani umejenga ghorofa tano hewani na pampu inazipandisha kila siku kwa umeme wako. Kwa lita 1,500 na bomba la 32, urefu wote kutoka pampu mpaka tanki kama mita 100, msuguano unakuja mita 3, tukaweka na 2 za kona, cheki valvu (ya kuzuia maji yasirudi) na maji kutoka yakiwa na nguvu kidogo. Jumla 51. Ongeza asilimia 10, kwasababu pampu inazeeka na fundi anaweza kuwa amekosea (mimi mwenyewe), ikawa 56.

Angalia kitu hapo, sijaweka kina cha pampu yenyewe. Pampu tuliiweka mita 50 lakini haipandishi maji kutoka 50, maji yaliyoko juu yake yanaisukumia, inapandisha kutoka pale maji yalipofika. Kuna mafundi wanajumlisha kutoka kwenye pampu wanaishia kumuuzia mtu pampu kubwa bila sababu. Ila kama kisima chako hujakipima maji yanashuka mpaka wapi, basi kwa usalama hesabu kutoka kwenye pampu, ni gharama ya kutokupima.

Ukitaka kuhakiki nguvu, chukua mita za ujazo kwa saa, zidisha na mita za kupandisha, gawanya kwa 367, unapata kilowati za maji yenyewe. 1.5 mara 56 gawanya 367 ni 0.23. Pampu ndogo hizi zinapoteza zaidi ya nusu njiani, kwahiyo gawanya tena kwa 0.4, unapata 0.57. HP moja ni kilowati 0.75, robo tatu ya HP ni 0.55. Maana yake kazi yote ya mjomba ni ya robo tatu ya HP kwa kubanana, HP 1 kwa kupumua. Yeye alinunua mbili.

Dukani sasa

Unafungua jedwali, unatafuta safu ya lita 1,500 (mara nyingi imeandikwa 1.5 m³/h au lita 25 kwa dakika), unashuka mpaka kwenye pampu inayosema mita 56 au zaidi kidogo. Tuliyoipata ni HP 1, kwenye mita 56 inatoa kama lita 1,900. Imezidi kidogo, sio kesi, tukaweka geti valvu juu ya kisima tukaibana mpaka ndoo ikajaa kwa sekunde 48, hapo ndo 1,500. Kubana kwa upande wa kutolea hakuiumizi pampu ya aina hii yenye vikombe vingi vimepangana ndani, hata moto wa umeme inakula kidogo.

Lakini sio pampu zote. Zile nyembamba za skrubu, ambazo ndani ina chuma kilichojisokota ndani ya raba, USIBANE kabisa, hizo zinasukuma maji kwa lazima na ukiziba zinapasua bomba au zinaunguza mota. Zina sifa yake, zinapandisha juu sana kwa maji kidogo na umeme mdogo, ila mchanga unakula ile raba na visima vyetu vingi huku vina mchanga. Mimi naweka skrubu kwenye kisima kilichokwisha kusafishwa mpaka maji yanatoka meupe tu.

Kipenyo nacho, pampu ya inchi 4 inataka kesingi (bomba la ukuta wa kisima) ya inchi 5, usikubali kulazimisha kwenye ya 4, itaingia siku ya kwanza na haitatoka siku ya kuitoa. Na ukiitumbukiza pampu ya kisima kirefu kwenye kisima kipana cha mkono, mota haipoi, kwasababu imezoea maji yapite ubavuni mwake yakienda kwenye mdomo. Ivalishe kipande cha bomba la PVC inchi 5 au 6, kizibwe juu ya pale inaponyonyea, kiwe wazi chini ya mota, maji yalazimike kupita hapo. Kazi ya nusu saa inaokoa mota.

Wenye visima vifupi

Bonde la Lukuledi, kuanzia Ndanda, Nyangao, Mtama mpaka Mingoyo, kuna bustani nyingi za visima vya mkono na watu wanatumia pampu za juu, za umeme au zile mashine za petroli za inchi mbili. Hizo hesabu yake ni ile ile isipokuwa zina ukuta mmoja, kunyonya. Pampu ya juu haivuti maji kwa kweli, inatoa hewa kwenye bomba na hewa ya nje ndo inayasukuma maji yapande, na hewa yote ya dunia hii haiwezi kusukuma maji zaidi ya mita 10 na kidogo. Kwa vitendo, na viungo vyetu hivi, weka 7. Jamaa yangu mmoja wa Mtama mwezi wa tano alikuwa anavuta vizuri maji yakiwa mita 6, mwezi wa tisa yakafika mita 8 na nusu, akabadilisha futi valvu, akabadilisha oili sili, akanunua mashine kubwa zaidi. Wapi. Hata uweke injini ya lori, mita 8 na nusu ni mita 8 na nusu.

Kinachowezekana ni kushusha pampu ya umeme kwenye kibao ndani ya kisima ikaribie maji, au kubadilisha kuwa ya kuzamisha. Mashine ya petroli usiishushe kisimani. Moshi wake unajaa mle, una hewa ya kuua isiyo na harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumuokoa wa kwanza naye anabaki huko huko.

Na wa juu kabisa, Newala, Tandahimba kule kwenye uwanda wa Makonde, hii hesabu ya kisima cha nyumbani kwa sehemu kubwa haiwahusu. Ule mchanga unakunywa mvua yote ikaenda chini sana, simama Shimo la Mungu uangalie bonde la Ruvuma lilivyo chini huko ndo utaelewa kwanini wazee walikuwa wanashuka mabondeni kuteka maji, na kwanini mradi wa maji wa Makonde unasukuma kutoka bondeni Mitema badala ya kila mtu kuchimba kwake. Huko vuna maji ya bati, jenga kisima cha kuhifadhia, pampu ndogo ya juu inatosha. Mtu akija kukuuzia pampu ya mita 120 “ya kujaribu” mpe maji ya kunywa aende.

Umeme

Mota ya HP 1 ya fezi moja inakula ampia 6 hivi ikishachanganya, lakini ile sekunde ya kuanza inakula mara nne na zaidi. Kutoka mita ya umeme mpaka kisimani na kushuka chini ni kama mita 100 za waya. Ukitumia waya wa 1.5 (milimita za mraba) unapoteza volti 14 hivi ikiwa inafanya kazi, na wakati wa kuanza unapoteza kama 60, sasa kama jioni umeme wako umeshalala kwenye volti 205 mota inapata nini? Inanguruma haizunguki, inaungua. Waya wa 2.5 unapoteza 9 na kama 36. Tofauti ya bei ya hizo waya ni ndogo kuliko kapasita na usumbufu. Pima volti saa moja usiku sio saa tano asubuhi, mota nyingi zinavumilia kushuka asilimia 10 tu, yani mpaka 207. Chini ya hapo jaza tanki alfajiri. Wa jenereta, chukua yenye nguvu kama mara tatu ya mota.

Wa sola mna bahati ya hesabu. Jua zuri huku ni kama masaa matano, kwahiyo lita 2,000 za mjomba zinagawanywa kwa 5, lita 400 tu kwa saa. Kwa 400 maji yanashuka kama mita 3 tu kisimani, msuguano karibu hamna, mita zote zinakuja 43 ukishaongeza asilimia 10. Piga ile hesabu ya 367 uone, maji yenyewe ni wati 47, ukilipia hasara zote paneli za wati 300 zinamaliza kazi. Mtu anayekwambia lazima paneli nane kwa nyumba kama hiyo anauza paneli.

Kuishusha

Usiilaze chini kabisa ya kisima, acha mita 5 au zaidi kwasababu mchanga unakaa huko, na isikae usawa wa vichujio. Iwe chini ya maji yanapofika kiangazi kwa mita kadhaa, sisi maji 37 pampu 50. Weka sensa au rilei ya kuzima maji yakiisha, hasa kama pampu yako ina uwezo kuzidi kisima hata kidogo. Floti kwenye tanki, izime likijaa. Kamba ya nailoni nene, sio ya manila inayooza, na usining'inize pampu kwa waya wa umeme, nimevua moja Chikongola kwa ndoano siku mbili nzima.

Ukishawasha, jaza ndoo upige saa, shika klampu mita usome ampia, shusha kamba baada ya saa moja upime maji, uandike vyote na tarehe. Mjomba aliandika kwa rangi kwenye nguzo ya mnara, “ndoo sek 48, amp 5.6, maji m 34”, na kila Novemba tunapima tena. Mwaka jana ndoo ilifika sekunde 55 na ampia zile zile, tukapandisha pampu tukakuta bomba limetoboka kwenye kiungo cha mita ya 12, maji yalikuwa yanarudi kisimani kimya kimya. Bila ile maandishi tungesema pampu imechoka tukanunua nyingine.

Ile HP 2 bado ipo, kapasita nilishabadilisha, imefungwa kwenye gunia la korosho chini ya kitanda cha mjomba. Mwenye kisima kinachotoa lita 6,000 kwa saa na kuendelea aje tuongee, ila aje na ripoti ya uchimbaji mkononi.